Rahabu na Ukimya wa Mchana

Ukipita Ujiji jua likiwa limeshapanda, ukaikuta nyumba imefungwa madirisha na watoto wake wamepelekwa kucheza mbali, ujue baba wa humo huvua dagaa kwa taa usiku, na sasa amelala. Rahabu ameishi katika ukimya huo tangu alipoolewa na Assani. Huosha sufuria bila kuzigonganisha. Amekosana na majirani kwa sababu ya redio zao.

Yeye mwenyewe hulala lini? Alfajiri mitumbwi ikirudi, alikuwa akienda ufukweni na beseni lake. Eliakimu, mwenye mtumbwi, huwapa wanawake dagaa wabichi wa kuanika mchangani, na sharti lake ni moja: wakinyeshewa mikononi mwako, hupewi tena. Basi Rahabu alishinda juani akigeuza dagaa na kufukuza kunguru. Usiku ulikuwa wa Merina, mtoto wake mchanga, mwenye kifua kibovu. Siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na wavuvi wakipumzika, Assani, aliyezoea kukesha, alikaa kitandani akitaka chai na mazungumzo.

Rahabu alipoanza kupepesuka, alikwenda zahanati ya Gungu. Muuguzi akampima, akasema, "Huna malaria, mama. Lala. Mwili hujitengeneza ukiwa umelala."

"Niandikie basi, sista. Dawa hiyo nikainunue wapi?"

Shadia, aliyeanika dagaa kando ya Rahabu ufukweni, alimcheka aliposikia hayo. "Mbuzi analala, kuku analala, hata mgebuka huko majini nasikia analala macho wazi. Wewe umeumbwa na nini, Mama Merina?"

"Mimi nimeolewa," alijibu Rahabu.

Siku moja Shadia hakuja ufukweni. Dagaa walikuwa wamekaribia kukauka, weupe, wanameta. Rahabu aliketi juu ya beseni alilolifudikiza, Merina mgongoni, akasema atapumzisha macho tu. Upepo ukavuka ziwa kutoka ng'ambo, kwenye milima ya Kongo. Wanawake wakakimbilia maturubai, kila mmoja kwa dagaa wake. Kuna aliyeita jina lake, lakini hakuna aliyesimama kumtikisa.

Mvua ndiyo iliyomwamsha. Dagaa walikuwa wamechanganyika na mchanga, wengine wakielea kwenye vidimbwi. Aliwazoa kwa mikono miwili huku mtoto akilia, akijua kabisa kwamba hawafai tena.

Assani akaja mbio. Ngurumo zilikuwa zimemkatiza usingizi.

"Ulilala?"

"Nililala."

"Mchana huu?"

Aliuliza hivyo huku alama za mkeka zikiwa bado shavuni mwake. Rahabu aliziangalia alama zile, kisha akainama tena kuzoa dagaa. Alihofia kwamba akifungua kinywa, maneno hayatakuwa na mwisho.

Eliakimu hakubadili sharti lake. Sehemu ya Rahabu ilipewa msichana aliyetoka Kidahwe, mwenye nguvu na asiye na mtoto.

"Angalau sasa utapumzika," Shadia alimwambia.

Sasa mchana wote ni wake. Merina akisinzia, Rahabu hujilaza kando ya Assani anayekoroma, hufumba macho na kungoja. Mti ukitikisika nje, anashtuka. Kunguru akilia, mkono wake unainuka wenyewe kumfukuza. Assani hugeukia ukutani, ananung'unika, "Tulia basi, mwenzio nalala."

Rahabu hutulia, macho yakiangalia bati.