Gramu Hamsini na Moja za Saidi

Kuna watu hapa Palma, kaskazini ya Msumbiji, wakiniona mpaka leo wananiuliza, "Dada Rehema, siku hizi unapima ngapi?" nami nacheka nao, lakini ndani naungua, kwa sababu aibu ile niliitafuta mwenyewe, kwa mkono wangu na penseli yangu, wala hakuna wa kumsingizia (ingawa nilisingizia, mtasikia).

Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini na mji mzima hautulii, kila siku wageni wapya, kila siku maneno mapya, leo wanatafutwa madereva, kesho wapishi, na mimi niliyemaliza darasa la kumi nashinda sokoni na mama tunauza mafuta ya kupikia kwa kopo, roho juu, kila gari likipita nanyanyuka kuangalia limebeba nani. Likaja tangazo la kursu, mafunzo ya wasaidizi wa maabara, ya kwenda kusomea Pemba, ule mji mkuu wa jimbo letu, na wilaya yote inatoa watu wawili tu. Nikajiandikisha siku hiyohiyo, na kwa kiherehere changu nikaanza kuaga majirani kabla hata sijafanya mtihani. Mama naye hakunyamaza, kila mteja aliyekuja kununua mafuta aliondoka anajua kwamba mwanawe anakwenda Pemba.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa vitendo, shikoleni, kwenye darasa moja la shule. Msimamizi alikuwa Profesori Inásio, Mmakonde wa kule Mueda, mtu mpole asiyepandisha sauti. Akatugawia kila mmoja chupa ya maji ya chumvi, bilauri juu ya mizani ndogo, na proveta, yaani kile kigilasi kirefu chembamba chenye mistari ya kupimia. Kazi ni kupima mililita hamsini, kuzimimina kwenye bilauri, kuandika gramu, kurudia mara tatu, kisha kupiga hesabu ya uzito wa kila mililita.

"Andikeni mlichokiona," alisema, "hata kama hamkipendi."

Sasa mimi na kupima? Nimepima tangu nina miaka tisa. Nikainama, jicho sawa na mstari, hamsini kamili, nikamimina, halafu bila hata kufikiri nikainua ile chupa nikaongeza kidogo juu. Nyongeza. Mnajua wenyewe, ukimpimia mtu mafuta ukamkabidhi hivihivi bila kumwongezea, kesho haji kwako, na njiani anakutangaza kwamba binti wa fulani mchoyo (watu wa kusini wanaiita basela, lakini ni ileile). Mkono wangu haukuwahi kupima bila nyongeza, na siku hiyo haukuniuliza. Gramu hamsini na tisa. Mara ya pili, hamsini na tisa. Ya tatu, hamsini na tisa, na mimi nikajiona bingwa.

Ningetulia hapo. Lakini mimi miguu inacheza chini ya meza, macho yanatembea, nikachungulia karatasi ya Saidi wa Quionga, aliyekuwa anasifika kwa hesabu tangu tulipokuwa darasa moja. Hamsini na moja, hamsini na moja, hamsini na moja. Nikajiambia, Rehema, umeharibu, Saidi hakosei. Na badala ya kupima upya nikachukua ufutio nikafuta tisa zangu zote tatu, nikaweka moja, kisha nisije nikaonekana nimenakili, ile ya mwisho nikaipamba ikawa hamsini na mbili.

Profesori akapita anakusanya. Akasoma yangu, akasoma ya Saidi, akaniita mbele.

"Chupa zenu hazifanani," akasema. "Ya Saidi ni maji ya bahari kama yalivyo. Yako nimekoroga chumvi mpaka mkono ukachoka. Imekuwaje yakawa na uzito mmoja?"

Hapo ndipo pa kusema kweli, si ndiyo? Nikasema, "Labda mizani mbovu, profesori."

"Basi tuijaribu. Pima tena, wote waone."

Madirishani watu wamejaa, wamo na wanawake wa sokoni waliokuja kunishangilia. Nikapima hamsini, nikamimina, na mkono ukanyanyua chupa ukaongeza kidogo juu, mbele ya kila mtu.

"Hiyo ya juu ni ya nini?"

"Nyongeza, profesori."

Chumba kikaangua kicheko. Dirishani mwanamke akadakia, "Na mimi usinisahau, Rehema." Mizani ikasoma hamsini na tisa.

Profesori peke yake hakucheka. Akapima yeye, bila nyongeza, ikaja hamsini na sita. Akainua karatasi yangu kwenye mwanga, na zile tisa zilizofutwa zikaonekana vizuri tu.

"Nyongeza yako haibadiliki," akasema taratibu. "Gramu tatu, kila mara. Kosa la namna hiyo tukishalijua tunalitoa, na mkono usioyumba namna hiyo ndio ninaoutafuta. Ungeniachia hizi tisa, ungekwenda Pemba. Lakini mtu anayefuta alichokiona, siwezi kumpeleka."

Nikakimbilia sokoni kabla ya wale wa dirishani. Mama akauliza kama nimechukuliwa. Nikamjibu, "Hawataki wanawake."

Hilo ndilo nililolisema, mimi, mtu mzima na akili zangu. Mama akaacha mafuta, akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya shikola, huku nyuma majirani wawili, watatu, watano, na mimi nakimbia namwita hageuki. Tulipofika langoni waliochaguliwa walikuwa wanapongezwa, Saidi na mwenzake, na huyo mwenzake alikuwa msichana wa Nhica, anakumbatiwa na shangazi zake.

Mama akamtazama yule msichana, kisha akanitazama mimi. Ikabidi niseme palepale, watu wote wanasikia, nyongeza, ufutio, Saidi, mizani, yote.

"Kwa hiyo cha kwako ulikuwa nacho," mama akasema.

"Nilikuwa nacho."

"Ukakifuta, ukachukua cha mtu."

"Ndiyo, mama."

Akamwambia profesori, "Tuwie radhi, mwalimu," akafungua kanga kiunoni, akajitanda, akatangulia kurudi.

Kursu nyingine sikupata. Ila nimejiapia, namba yangu nikishaiona, iwe mbaya namna gani, naiacha hapohapo mpaka aje mtu anionyeshe imetoka wapi.