Dawa ya Damu ya Mume Wangu

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka hadi leo, siku ambayo ukoo mzima ulijaa nyumbani kwetu Bashay kubishania vidonge vya mume wangu.

Mume wangu huyo, Safari, alikuwa na ugonjwa wa ini. Virusi vya homa ya ini vilikuwa vimemla kimyakimya tangu ujana, ini likajaa makovu na kusinyaa. Mwaka mmoja kabla alishatapika damu, beseni nikalishika kwa mikono yangu mwenyewe. Hali kama hiyo haisahauliki.

Sasa tumbo lilikuwa limeanza kumuuma na kujaa maji. Kwenye kipimo cha picha, daktari aliona damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Akamwandikia dawa ya kuzuia damu isigande.

Shemeji yangu Bura aliposikia, alisimama. "Mtu aliyetapika damu mnampa dawa ya kulainisha damu? Moto hauzimwi kwa mafuta!"

Wengi waliitikia. Safari mwenyewe akavisukuma vile vidonge pembeni. Nami sikujua nimuunge mkono nani, maana niliogopa ugonjwa na dawa pia.

Ndipo akaingia shangazi yake Safari, bibi mfupi aliyetoka Hirbadaw kumwona mgonjwa. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Bura, hofu yako ni ya kweli. Umemwambia daktari?"

"Hapana, shangazi."

"Basi unatuambia sisi ili iweje? Sisi ndio tuliouona huo mshipa?"

Bura akakubali kwenda kwa daktari. Mwanangu, kuuliza si ujinga, ila ukimuuliza asiyejua mtapotea wote wawili.

Asubuhi tulirudi hospitali, Bura akiwa nasi. Alipouliza, daktari hakukasirika.

"Umeuliza vizuri, mzee," alisema. "Ini bovu huleta yote mawili, damu kuvuja na damu kuganda. Ndiyo maana juzi kabla ya kumpa dawa tulipitisha kamera kooni na kuifunga mishipa iliyovimba, ile iliyomtapisha damu. Tukiliacha bonge hilo la damu likue, tumbo litazidi, na hata kutapika damu kunaweza kurudi. Lakini dawa hii haitaki mchezo. Akiona choo cheusi kama lami au akitapika damu, aje hapohapo."

Bura alimgeukia kaka yake. "Meza," akamwambia.

Safari alimeza. Pombe aliacha kabisa, na dawa za maumivu hakuzinunua tena dukani bila kuuliza. Kliniki tulikwenda hata msimu wa kuvuna. Baada ya miezi kadhaa picha ilionyesha bonge limepungua na damu inapita. Makovu ya ini hayakuondoka, nisikudanganye. Lakini alipata miaka mingine mizuri, akamwoza binti yetu wa mwisho akiwa amesimama kwa miguu yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukipewa dawa inayokutisha, usiitupe na usiimeze kwa woga. Rudi kwa aliyekupa, mwambie kinachokutisha, na uende na yule anayepinga kwa sauti kubwa kuliko wote, asikie kwa masikio yake. Wala usiikatishe mwenyewe kwa sababu umeona nafuu.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kusikiliza. Ng'ombe wako wazae, na mlango wako ufunguliwe na wageni wa heri.