Pembe ya Kushoto

Nakumbuka siku niliyopamba ukuta wa nyumba yetu kule Zagayu nikajiona fundi, kumbe nimeharibu. Tulia nikusimulie, mwanangu, wewe unayechora maua tu huku moyo unakuuma.

Mwaka huo ukame ulitumalizia ng'ombe. Baba alibaki na fimbo ya kuchungia na zizi tupu, akanyamaza. Miezi mitatu mtu hasemi. Ukimsalimia anaitikia kwa kichwa. Tukaanza kuogopa kwamba naye tutampoteza.

Mimi ndiye niliyekuwa binti mkubwa, na kukandika nyumba ilikuwa kazi yangu. Nikachukua udongo mwekundu wa kichuguu, majivu na mkaa uliosagwa, nikamchorea baba ng'ombe wanono, nundu zimesimama, majani yamewafika magotini. Majirani wakasifu. Baba akatazama mara moja tu, akaingia ndani.

Bibi, mama yake baba, hakuwa na maneno ya kupamba. "Umemchorea ng'ombe wa watu," akaniambia. "Wa kwetu walikonda. Hao ndio anaowalilia."

Nilinuna, sikufichi, ujana una kiburi chake. Lakini jungu kuu halikosi ukoko. Kesho yake nikaufuta ukuta, nikamchora Mbula, yule ng'ombe wetu aliyezaliwa siku ya mvua tukampa jina la mvua. Nikamchora vile alivyoanguka kando ya lambo lililokauka, mbavu zinahesabika, pembe moja imevunjika. Nilichora huku nalia, kamasi na udongo vikachanganyika usoni.

Baba akaja akasimama nyuma yangu. Akainama akautazama ukuta, kisha akasema, "Iliyovunjika ilikuwa pembe ya kushoto."

Nikampa kijiti changu cha kuchorea. Akarekebisha mwenyewe, taratibu, na jioni ile akatusimulia habari za Mbula mpaka ugali ukapoa. Bibi alikula huku anacheka peke yake.

Leo kuta za maduka ya Bariadi ndizo zinazonilisha, na nimeridhika.

Basi, mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Maua chora, sikukatazi. Ila anza na kile kinachokuuma, kichore kama kilivyokuwa, na ukiweke mahali watu wa nyumbani watakiona. Usiogope kukosea, baba yangu alirudi kwetu kwa sababu nilikosea pembe. Mungu aubariki mkono wako, na asikunyime mtu wa kukusahihisha.