Mwenye Nyumba wa Jang'ombe

Siku ya kwanza nilipoanza kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili kule Shangani, nilirudi nyumbani nikamwambia mamaangu, "Mama, ile si ofisi, ile dunia nyengine." Mama alikuwa anakuna nazi, hata kichwa hakuinua. "Ina choo?" akaniuliza. "Inacho." "Basi dunia ni hii hii."

Lakini mie sikuwa natia chumvi. Kila ghorofa ya nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Juu kabisa, kwenye kiyoyozi, walikaa watu wa makampuni. Mtu yuko nchi ya mbali, Unguja hajaiona hata kwenye kalenda, na wao wanamsajilia kampuni hapa hapa. Kampuni ina jina, ina cheti, inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, na homa haiijui. Nikamuuliza wakili mmoja kijana, "Sasa hiyo kampuni yenyewe iko wapi?" Akanionesha kabati. Nilisimama mbele ya lile kabati nisijue nitoe salamu au nifanye nini.

Ghorofa ya kati ilikuwa ya meli. Wiki yangu ya kwanza nilipewa bahasha, nikaambiwa, "Wapelekee watu wa meli." Mie huyo, mbio mpaka bandarini Malindi na jua lote lile, nawauliza askari wa getini meli yetu imefunga wapi. Kumbe watu wa meli ni wale wa chumba cha pili, na meli yenyewe imesajiliwa tu hapa, haijapata kutia nanga Unguja tangu iundwe! Walinicheka ofisi nzima, na mpaka leo wakiniona na bahasha huniuliza kama nakwenda Malindi. Wacheke watakavyo. Mie niliona ajabu ya Mungu, chuma kikubwa vile kiko kwenye bahari nisiyoijua, na nyuma kimeandikwa jina la kisiwa chetu.

Chini, kando ya jiko la chai, kulikuwa na chumba kisicho kiyoyozi. Mirathi, talaka na wakfu vilikuwa humo. Wakili wake mtu mzima, mpole, tukimwita Sheikh kwa sababu ya kanzu yake ya Ijumaa. Wateja wake wengi walikuwa wanawake wa mitaa ya Ng'ambo waliokuja na vikapu, na mawakili wa juu walipita mlangoni pake wakienda kuchukua chai, basi.

Nyumbani kwetu Jang'ombe tulikuwa watatu, mama, mie na mdogo wangu wa kike. Kakaangu yuko Mpendae na mkewe na watoto. Mdogo wangu ni mtu mzima kwa umri, ila kazaliwa na ulemavu wa akili. Maneno yake machache, na peke yake hawezi hata kuvuka barabara. Kutwa anakaa barazani. Mtu akipiga hodi, yeye ndiye wa kwanza kuitika, kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Karibu!" Na watu wanampita kama wanaopita kiti. "Mama yupo?" wanauliza, wameshaingia. Lilikuwa likiniudhi jambo hilo, wallahi.

Nyumba ni ya mama, kaijenga kwa vitumbua vyake. Vyumba vitatu na uwanja wa kuanikia. Na sote tulikuwa tunajua kitakachokuja. Siku mama akifumba macho, ile nyumba ni mirathi, kila mtu na fungu lake, na vyumba vitatu havigawanyiki. Itauzwa. Kaka alishaanza kusema, tena mbele ya mama mwenyewe, kwamba nyumba za pale siku hizi zina soko. Si mtu mbaya kakaangu, anasomesha, mambo yamembana. Lakini nani atakayemchukua mdogo wangu? Mie nina mchumba, na mamaake mchumba wangu nshamsikia anavyosema juu ya "yule mgonjwa wenu."

Siku moja baada ya sala ya alasiri nilimsikia mama kwenye mswala anaomba. Alikuwa anamuomba Mola amtangulize huyu mtoto kabla yake yeye, hata kwa siku moja. Nilikasirika. Nilitaka niingie nimwambie, mama, unaomba nini wewe! Nikakaa jikoni nikalia mpaka uji ukaungua.

Haukupita muda mrefu akaja mgeni ofisini, mzungu mzee, fimbo mkononi, saa ya bei. Nikaitwa juu nikaandike mazungumzo. Nikajisemea moyoni, haya, huyu naye kaja kuficha utajiri wake. Yule mzee akatoa picha kwenye pochi akaiweka mezani. Mwanamke wa makamo ya mdogo wangu, anacheka, na macho yake ni yale yale ya mdogo wangu. Binti yake. Akasema anataka akifa yeye, asipatikane mtu wa kuiuza nyumba anayokaa binti yake, hata ndugu zake wa tumbo moja. Kisha akatazama chini akasema kuwa kila siku anamuomba Mungu binti yake atangulie.

Kalamu nikaiacha. Maneno ya mama, yale yale, yanatoka kinywani mwa mtu mwenye ndege yake mwenyewe! Wakili akamueleza habari ya amana, kwamba mali inashikwa na wadhamini, wao hawaimiliki, binti hawezi kudanganywa akaiuza, ipo tu kwa ajili yake. Yule mzee alishusha pumzi, mabega yakalegea. Nimeshakaa mezani na watu waliokuwa wananunua mahoteli, sijapata kumuona mtu aliyefarijika vile.

Nikashuka ngazi mbili mbili mpaka kwa Sheikh. Alinisikiliza, akacheka kidogo.

"Hayo bibi zetu wa mji huu wakiyafanya zamani, mwanangu, kwa ulimi wao. Mamaako ataiweka wakfu nyumba, akae binti yake, na baada yake iwe ya chuo cha Kurani cha mtaani. Haiuzwi, hairithiwi." Halafu akainua kidole. "Ila mwambie ukweli wote. Kwa madhehebu yetu hawezi kujiwekea fungu mwenyewe. Akishatamka, nyumba si yake tena. Atakaa kwa ridhaa ya binti yake, kama mgeni."

Mama nilimkuta anapepeta mchele. Nikamueleza yote. Ungo ukasimama.

"Mie niwe mgeni nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Mgeni wa huyu?"

Huyu alikuwa barazani, mdomo mwekundu kwa ubuyu, anaongea na paka. Mama akamtazama, akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Kisha akasema, "Kakaako lazima awepo. Sifanyi kitu kwa kumzunguka mwanangu."

Kaka alipoambiwa alikuja juu. "Mnanidhulumu urithi wangu!" Nami sikumnyamazia, tulitupiana maneno mpaka majirani wakachungulia. Mama alimuacha amalize, akamwambia taratibu, "Urithi gani, baba? Mie si niko hai?" Kaka akawasha vespa yake, akaenda zake.

Siku yenyewe mama alivaa buibui la Idi. Tulikaa kwenye chumba cha chini, mama, mie, mdogo wangu, na jirani yetu mmoja kama shahidi. Yule wakili kijana wa makampuni alikuja kuchukua chai, akabaki amesimama mlangoni. Kaka hakutokea. Sheikh akasema, "Tuanze?" Mama akasema, "Tusubiri." Tukasubiri mpaka chai ikafanya utando. Sheikh akafungua mdomo tena, mama akamwinulia mkono.

Ndipo kaka akaingia, shati limelowa jasho. Akatoa salamu, akakaa pembeni. Mama akaweka mkono juu ya goti la mdogo wangu, akatamka. Maneno mafupi tu, pungufu ya yale anayosema akinituma sokoni. Na hapo hapo nyumba ikamtoka mkononi, bila tofali moja kusogea. Nilikuwa nshazoea kustaajabu makaratasi ya huko juu. Siku ile nilimtazama mamaangu, mwanamke wa vitumbua, nikashikwa na haiba yake, nikaogopa hata kukohoa. Wakili kijana alikuwa ameishika chai yake hajainywa.

"Mashahidi?" Sheikh akauliza.

"Mie," akasema jirani. Kaka akainuka pale pembeni, "Na mie." Akatia saini, akambusu mama mkono, akatoka bila ya chai. Nilimpenda siku ile, na sijamwambia.

Tuliporudi Jang'ombe mdogo wangu alitangulia, akaingia ndani na paka wake. Mama akasimama mlangoni.

"Ingia, mama, jua hili," nikamwambia.

"Wewe ngoja." Akavuta buibui lake vizuri, akapiga sauti. "Hodi!"

"Karibu!" ikaja kutoka ndani, kama kawaida yake.

Mama hakuingia. "Hodi, mwenye nyumba!"

Mdogo wangu akatokea, akatuangalia sisi, akachungulia nyuma yetu aone ni mgeni gani huyo. Hakuwapo mwengine. Hajapata maishani mwake mtu wa kusimama kumsubiri. Akamtazama mama muda, akamtazama tena, halafu akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu ndani, mama," akasema. "Kaa."

Mama akavua viatu, akaingia.