Mama Hatua na Mlango wa Watu Wazima

Mama Hatua alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, magoti pamoja, mkoba mapajani, ameukumbatia utadhani kuna mtu anataka kumpokonya. Mbele yake mlango wa bluu ulikuwa unafunguka, unameza watu wawili wawili, unafungwa. Waliotoka hawakusema walichokutana nacho. Mmoja alitoka analia. Mwingine alitoka anacheka peke yake, na huyo anayecheka ndiye aliyemtia hofu zaidi.

Jina lake la nyumbani tuliache huko huko nyumbani. Wodini anakofanya kazi wote wanamwita Mama Hatua, kwa sababu kila mgonjwa anayelia kwamba hawezi, yeye humjibu, "Hatua moja tu, baba, halafu tutagombana vizuri." Ni msaidizi wa fiziotherapia. Maana yake ni kwamba mtaalamu mwenye shahada anakuja, anapima, anaamua, anaondoka na kalamu yake mfukoni. Halafu Mama Hatua anabaki na mgonjwa kumsimamisha, kumtembeza, kumfuta jasho na kupokea matusi yake. Amefanya hivyo miaka nenda, miaka rudi. Na miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja iliyomkaa kooni: aingie chuo kikuu, asome fiziotherapia, naye siku moja apime na aamue.

Sasa chuo kikuu hakiingiwi kama soko, jamani. Shahada ile ina milango mitatu. Wa kwanza ni wa vijana wanaomaliza kidato cha sita na alama nzuri za biolojia, kemia na fizikia. Wa pili ni wa wenye stashahada, waliokaa darasani na wodini mpaka wakaiva. Wa tatu wanauita mlango wa watu wazima: uwe na cheti, uwe umefanya kazi ya tiba ya viungo kwa muda wa kutosha, uwe umefaulu yale masomo matatu, ufanye mtihani wa kuandika, kisha uje kwenye usaili wa vitendo uonekane mikono yako inafanya nini. Mlango huo wa tatu ndio wake, na mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Chuo kilishatangaza kwamba kuanzia mwakani kila mtu wa aina yake aanze na stashahada, miaka mitatu, kutwa nzima darasani, mji mwingine kabisa. Mwenye nyumba, mume na binti wa shule ataanzia wapi? Ama leo, ama basi.

Na asidhani mtu kwamba kufika kwenye lile benchi kulikuwa mteremko. Biolojia na kemia alikuwa nazo tangu ujana. Fizikia ndiyo ilimwangusha chali kidato cha nne, akaapa hatawahi kuitazama tena usoni. Mwaka jana akavunja kiapo chake, akajiandikisha masomo ya jioni, akakaa dawati moja na watoto wa kuwazaa mwenyewe, nao wakamwita shangazi. Binti yake alikuwa anamwuliza maswali jikoni huku anamenya viazi. "Mama, nyenzo ina sehemu ngapi?" "Niache, chakula kinaungua." "Kinaungua hakimo kwenye silabasi, mama. Sehemu ngapi?" Mume wake, seremala, alimletea ubao na tofali akamwonyesha jinsi kitu kizito kinavyonyanyuliwa kwa nguvu kidogo, akajikuta anafundisha vizuri kiasi kwamba alianza kutembea kwa maringo nyumbani kama profesa. Mama Hatua akafaulu. Si kwa kishindo, lakini alifaulu. Mtihani wa kuandika akaupita pia, kwa kujikaza kisabuni.

Ndiyo maana alikuwa hajala tangu aamke.

Mlango ukafunguka. "Wawili wanaofuata."

Aliyeinuka naye alikuwa binti wa mlango wa kwanza, ametoka kidato cha sita juzi tu, koti limepigwa pasi mpaka linakata. Usaili wa vitendo waliufanya pamoja wa milango yote, wawili wawili. Binti alikuwa anatetemeka waziwazi. Mama Hatua akamgusa bega, akamwambia, "Nifuate mimi, mwanangu. Hii kazi naifanya hata nikiwa usingizini." Ah! Laiti angejua.

Chumba kilikuwa kikubwa, kina vioo ukutani, vitanda vyembamba na reli za kushikia. Mezani walikaa watahini watatu. Katikati mkuu wa idara, mama mrefu, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Na kwenye kiti, mgonjwa. Mgonjwa wa kweli, si wa kuigiza: mzee aliyepigwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vimelegea, anakuja chuoni kwa hiari yake ili wanafunzi wajifunzie kwake. Ujana wake alikuwa mwamuzi wa mpira, na mpaka leo wanamwita Refa.

"Mwinueni mzee asimame," mkuu wa idara akasema. "Atulie akiwa wima. Kisha mumkalishe. Basi."

Basi tu! Mama Hatua karibu acheke kwa raha. Akasogea upande ule dhaifu, upande wenye kazi, akamwachia binti upande wenye nguvu. Akaitazama miguu ya mzee, akairudisha nyuma kidogo, akamsogeza mbele ya kiti. Kila kitu sawasawa. Mkuu wa idara akaandika kitu.

"Tunahesabu pamoja, mzee wangu. Tukifika tatu unainuka. Haya. Moja, mbili—"

Akanyanyua.

Binti hakunyanyua. Upande mmoja wa mzee ulipanda, upande mwingine ukabaki kitini, akapinda katikati, mguu ule mlegevu ukateleza sakafuni, na Refa akapiga kelele, "Mama yangu wee!" Kiti kikakwaruza nyuma. Mama Hatua alimdaka kwa kifua na mikono yote, akamrudisha kitini kwa kishindo. Mzee hakuumia. Lakini uso wake ulikuwa umepauka, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa kiti kwa nguvu zote.

"Umechelewa!" Mama Hatua akamfokea binti. "Ulikuwa unangoja nini?"

Machozi yakamlengalenga binti, lakini alijibu. "Shangazi, nilikuwa nangoja tatu."

Mama Hatua akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Ulinyanyua kwenye ngapi?" mkuu wa idara akauliza, wala hakupandisha sauti.

"Mbili."

"Kwa nini?"

Na hapo ndipo ilibidi aeleze jambo ambalo wodini kwao hakuna mtu aliyewahi kuambiwa alieleze, kwa sababu wote wanalifanya. Kwao mgonjwa anahesabiwa mpaka tatu, lakini ananyanyuliwa mbili. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia, na ndivyo alivyowafundisha waliomfuata. Mgonjwa anayengoja tatu anakaza mwili, anabana pumzi, anakuwa mzito kama gunia la saruji. Ukimnyanyua mbili, woga wake haujaamka bado. Wenyewe kwa wenyewe hawakosani, maana mikono yote inajua. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna watu duniani wanaofika tatu.

"Na mgonjwa anajua?"

"Hapana. Akijua, haifanyi kazi."

Alisema, halafu akasikia alichosema. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

Refa alikuwa ameshavuta pumzi. "Mimi huyu huyu uliniambia tatu," akasema. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa ule ugonjwa, lakini kila neno lilifika. "Nimepuliza filimbi maisha yangu yote. Mtu anayeanza kabla ya filimbi namjua. Simtaki huyu. Nileteeni mwingine."

Mkuu wa idara akaweka kalamu chini. "Kanuni unaijua, mama. Mgonjwa akikataa, tumekataa sote. Na bila kuinua, usaili haujakamilika."

Aliijua. Alikuwa ameisoma mpaka akaikariri. Usaili usiokamilika hauna alama, asiye na alama haingii, na mlango unafungwa mwakani. Akaona sura ya binti yake jikoni na kisu cha viazi mkononi. Hasira zikamjia, za kijinga kabisa: hasira kwa mzee, kwa binti yule na tatu yake, kwa waliomfundisha wote. Alitaka kusema kwamba ameinua watu wengi kuliko wote waliomo chumbani mle, na ingekuwa kweli, na isingemsaidia kitu.

Badala yake alikwenda mbele ya kiti, akachuchumaa ili mzee amwone usoni bila kuinua shingo.

"Mzee wangu, nimekudanganya. Nilikwambia tatu nikakuinua mbili. Wagonjwa wangu wote nawafanyia hivyo, na sijawahi kumwomba hata mmoja radhi. Wewe nakuomba."

Refa akamkazia macho. "Unaomba radhi au unaomba nafasi?"

"Vyote viwili. Nikisema nafasi siitaki nitakuwa nakudanganya tena."

Mtahini mmoja alikohoa, pengine alikuwa anazuia kicheko. Refa hakucheka. Alitazama dirishani, akatazama mguu wake, akatazama tena dirishani, na Mama Hatua akabaki pale amechuchumaa mpaka mapaja yakaanza kumwaka moto.

"Nitahesabu mimi," mzee akasema mwishowe. "Ukininyanyua kabla sijakuruhusu, ninaondoka zangu."

"Ndiyo, mzee."

Wakashika nafasi zao. Binti upande ule, yeye upande huu. Refa akajiweka sawa. Akaomba maji. Akaletewa, akanywa polepole, akarudisha glasi. Mtu mwenye haraka angemkaba.

"Moja."

Mama Hatua akaikaza miguu yake sakafuni.

"Mbili."

Akanyamaza. Akageuza kichwa akamtazama Mama Hatua usoni, kwa karibu, anamngojea akosee. Mikono ya Mama Hatua iliwasha. Miaka yake yote wodini ilikuwa inaisukuma ile mikono ipande, sasa, sasa hivi! Akauma meno. Akaiacha wazi chini ya kwapa la mzee, inagusa tu, haibebi.

Tatu haikuja. Kilichokuja ni uzito. Refa aliinama mbele kwa hiari yake, akausukuma mguu wake mzima sakafuni, na Mama Hatua akausikia mwili mzima unaanza safari ya kwenda juu, naye akaenda nao, na binti akaenda nao, na mzee akawa wima katikati ya chumba, anahema, kidevu juu.

"Vizuri," mkuu wa idara akasema. "Mkalisheni. Matokeo yatatangazwa wiki ijayo."

"Sikai," akasema Refa.

"Mzee?"

"Mchezo umekwisha, nataka matokeo. Huyu mama anaingia au haingii? Sikai mpaka nisikie."

"Mzee, utaratibu wetu hau—"

"Basi nitalala hapa hapa nikiwa nimesimama, kama farasi."

Wale watatu wakatazamana. Mkuu wa idara akavua miwani, akaipangusa, akashusha pumzi. "Haya, mzee, kwa kuwa umeng'ang'ania. Kuhusu huyu mama, mimi kwa upande wangu—"

Na wakati huo huo, chini ya mkono wake, Mama Hatua akausikia mtetemeko. Mdogo sana, kwenye goti la kushoto. Goti lilikuwa linataka kuachia.

"Samahani, hebu nyamaza kidogo," akasema.

Mkuu wa idara akanyamaza, mdomo wazi.

"Mzee wangu, goti lako limechoka. Nalisikia. Naomba tukae."

"Hutaki kusikia?" Refa akamnong'oneza. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni.

"Nataka mpaka meno yananiuma. Lakini naomba tukae. Tukae?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Wakamshusha pole pole, makalio yakafika kitini bila sauti, na Mama Hatua akamrudisha mguu ule mlegevu mahali pake, akahakikisha mgongo umeegemea, akamtazama anavyohema mpaka pumzi ikatulia. Hapo ndipo alipogundua amemwambia nani anyamaze. Akasimama akiwa ameshika mgongo wa kiti, anangoja kufukuzwa.

Mkuu wa idara akavaa miwani yake taratibu.

"Nilichokuwa naanza kusema," akasema, "ni kwamba kwa upande wangu, hapana. Mtu aliyezoea vibaya muda mrefu ni kazi ngumu kumfundisha upya, na darasa langu limejaa." Kisha akawatazama wenzake kushoto na kulia, akawaonyesha kwa macho goti la mzee. Mmoja akainamisha kichwa kukubali, wa pili naye. "Umenikatiza kwa ajili ya goti la mgonjwa, na sasa siwezi kuyasema tena maneno yale. Masomo yako yanaanza mwezi wa tisa. Wodini kwenu kawaambie wahesabu mpaka tatu."

Mama Hatua alitaka kushukuru kama mtu mzima. Badala yake alikaa sakafuni pale pale, karibu na miguu ya mzee, akalia kwa sauti kama mtoto mdogo, na yule binti wa kidato cha sita akapiga magoti akamshika mabega.