Miwani Nyeusi na Mbwa Mwanafunzi

Jamani, hii aibu bora niwasimulie mwenyewe, maana video yake imeshafika mpaka Itumba kwa mama yangu, ambaye hata simu ya maana hana.

Baada ya mahakama kutuachanisha mimi na Baba Eliza, nilihamia chumba kimoja hapa Tunduma, kimya mpaka nasikia friji ya jirani inavyonguruma. Ndipo dada mmoja Mzambia, mwalimu wa mbwa wanaoongoza wasioona, akaniomba nimlelee mtoto wa mbwa mwaka mmoja, nimzoeshe watu na magari na kelele, halafu nimrudishe akafundishwe kazi yenyewe. Nikamwita Bosi. Alivaa kizibao cha njano chenye picha ya mtu na fimbo nyeupe, na kusema kweli ndiye aliyenifanya niwe naamka asubuhi.

Sasa nikasikia Baba Eliza anafungua duka la vifaa vya ujenzi na mke wake mpya, Joyce. Wivu ukanishika. Sio kwamba nilimtaka tena (nyie chekeni tu), ila nilitaka kujua huyo Joyce ana nini. Nikajiambia, si mwalimu kasema Bosi azoee watu? Nikavaa miwani nyeusi, ile kubwa, ili nimkague Joyce kuanzia nywele mpaka viatu bila mtu kujua macho yangu yanaelekea wapi, tukaenda kwenye uzinduzi wa duka.

Sijafika hata mlangoni, Mama Neli wa kwaya akapiga yowe. "Mungu wangu! Mama Eliza, macho yameenda?"

Hapo ndipo ningesema hapana. Lakini Baba Eliza akatoka mbio, akanishika mkono, sauti inamtetemeka. "Mama Eliza, tangu lini? Mbona hukuniambia?" Miaka mingapi sijasikia sauti hiyo! Na Joyce amesimama nyuma yake, amenuna, nikamwona vizuri kabisa alivyonuna, moyo wangu ukapoa kama umemwagiwa maji.

Nikasema, "Ni ghafla tu, Baba Eliza."

Wakanikalisha kiti cha mbele, Joyce akaambiwa aniletee soda, akanishikisha chupa mkononi kama mtoto, mchungaji akaacha kubariki duka akaanza kuniombea mimi, watu wote wamenyoosha mikono, wengine wanarekodi. Natamani kukimbia, lakini kipofu anakimbilia wapi? Basi Joyce akainama kunifuta soda iliyonimwagikia, gauni lake likaja mbele ya pua yangu, kitenge cha bluu chenye tausi, kile nilichonunua mwenyewe Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kukitafuta kabatini mpaka nikamsingizia dada wa kazi.

Mdomo ukanitangulia. "We Joyce! Hicho kitenge cha tausi si changu?"

Mama Neli akaruka juu: "Anaona! Haleluya, anaona!"

Ndugu zangu, vigelegele vilivyopigwa pale! Mchungaji analia, Baba Eliza amepiga magoti kwenye mifuko ya saruji, na Bosi, ambaye kelele za namna ile hajawahi kuzisikia, akachomoka na kamba yake, akapita chini ya meza ya chakula na kitambaa cha meza kikamfuata, na pilau, na kuku, na keki yenye jina la duka.

Nikavua miwani. "Mchungaji, samahani. Nilikuwa naona tangu mwanzo."

Sitasimulia macho ya watu. Nitasema tu kwamba Joyce ndiye aliyenisaidia kumtoa Bosi chini ya kaunta, mikono imejaa krimu ya keki, akaninong'oneza, "Dada, kitenge alinipa Baba Eliza, akasema kakinunua kwa ajili yangu." Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma, na bado wivu haukuisha wote, maana kile kitenge kilimpendeza kuliko mimi.

Jioni mwalimu akapiga simu kutoka ng'ambo, ameshaiona video. Nilijua anamchukua Bosi wangu, nikaanza kulia kabla hajasema. Akasema, "Mama, kuna watu hawaoni kweli." Maneno hayo tu. Akaniachia Bosi, kwa sharti nikaombe radhi kanisani Jumapili, na nikaenda, na Mama Neli mpaka leo hanisalimii.

Mimi siku hizi nikitaka kumchungulia mtu, namtazama macho makavu, namsalimia, napita zangu.