Shilingi Iliyong'oa Jino

Enzi zetu pale Muhuru Bay, shilingi haikuaminiwa mpaka iumwe. Kulikuwa na wajanja waliokuwa wakiyeyusha vipande vya risasi vya kuzamishia nyavu na kuvigeuza sarafu, na ukiuma ya namna hiyo, meno yanaacha alama kama kwenye sabuni. Shida ni kwamba nyanya yangu, Dani, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, hakuwa na meno ya kuumia. Watu wa rika lake waling'olewa meno sita ya chini ujanani, ndivyo desturi ya Wajaluo ilivyokuwa. Kwa hiyo kila mama wa omena alikuwa na mjukuu wake wa kuuma. Wa Dani nilikuwa mimi.

Nilijivunia kazi ile, jamani. Nilikaa kando ya beseni, mdomo ukinuka chuma na omena, na hakuna mteja aliyepimiwa kabla sijatikisa kichwa kukubali. Vijana wa leo wanaolia kazi hakuna hawajawahi kuajiriwa kwa sababu ya meno.

Kisha jino langu la mbele likaanza kulegea. Binamu yangu Akinyi, mwenye meno kamili, akaanza kukaa karibu na beseni bila kuitwa. Nililala nikimwomba Mungu jino lishike.

Siku moja akaja kijana kutoka Homa Bay, viatu vinang'aa, akatoa sarafu inayong'aa kuliko viatu. Nikauma. Sarafu ikabaki nzima, jino likatoka. Nililia, wala si kwa uchungu. Nililia kazi yangu. Lakini Dani aliipokea sarafu ile kwa heshima zote, akampimia kijana makopo mawili ya gorogoro na kumwongezea kiganja.

Jioni tukaenda nayo dukani kununua chumvi. Mwenye duka, Mkuria wa Kehancha, akaigeuza na kuigeuza. Ilikuwa ya mashine za kamari.

"Mama, hii iko na nanasi."

"Imetoa mtoto jino," Dani akasema. "Ya bandia inaweza kutoa mtu jino?"

Nikaamriwa kufungua mdomo, pengo likakaguliwa. Mwenye duka akafikiri sana, kisha akatupimia chumvi. Tangu hapo shilingi ya nanasi ilizunguka Muhuru nzima. Ilinunua sukari na mafuta ya taa, ikatolewa hata sadaka siku ya Sabato, na kila ilipotiliwa shaka niliitwa kuonyesha pengo. Akinyi alipata kuuma, mimi nikawa ushahidi. Jino jipya lilipoota, shilingi ile ikakataliwa kila mahali, nami nikarudi kazini.

Siku hizi pesa haina ladha. Wanangu wakisikia simu imelia, wanaamini papo hapo. Juzi nilimtumia Dani pesa kidogo kwa simu nikiwa nimeketi kando yake. Macho yake sasa yamekwisha, hivyo nikamsomea ujumbe. Akanisogezea simu yake mdomoni.

"Uma kwanza."

Wanangu walicheka. Mimi niliipangusa, nikauma, nikamwambia ni halali. Ndipo akaifunga simu kwenye pindo la leso yake, uso umetulia.